Udhaifu wa mapaja na mabega: Si kila mara ni uzee, huenda ni homoni

Msimu wa kuvuna mahindi huonyesha wazi nani ana nguvu na nani zimempungukia. Mtu aliyekuwa akibeba gunia kutoka shambani hadi ghalani mwaka jana, mwaka huu anaomba asaidiwe hata kulitwika. Akichuchumaa kuokota mahindi, hawezi kuinuka bila kushika magoti. Nyumbani, kuanika nguo kwenye kamba kunamchosha mabega kabla beseni halijaisha. Majirani husema ni uzee. Wengine husema ni baridi ya Kitale imeingia kwenye mifupa, au kuna mtu aliyemfanyia jambo. Yeye mwenyewe hununua dawa ya maumivu dukani na kusubiri nafuu.

Baadhi ya watu wenye hali hii wana ugonjwa wa misuli unaotokana na homoni kupungua au kuzidi mwilini. Ugonjwa huu hugunduliwa kwa vipimo vya damu, una matibabu, na wengi wanaotibiwa mapema hurudiwa na nguvu zao. Hatari iko katika mambo mawili: kuchelewa kupimwa, na kumeza dawa ambazo huongeza ugonjwa wenyewe. Makala haya yanawaeleza wakazi wa Kitale, Bungoma na viunga vyake jinsi ya kuitambua hali hii na hatua za kuchukua.

HOMONI INAVYOENDESHA MISULI

Homoni ni kemikali zinazotengenezwa na tezi za mwili na kusafirishwa na damu ili kuvipa viungo maagizo. Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, na homoni zake hupanga kasi ya mwili kutumia nguvu. Tezi za adrenali ziko juu ya figo na hutoa kotisoli, ambayo husaidia mwili kustahimili ugonjwa, njaa na mshtuko. Kongosho hutoa insulini, inayoingiza sukari ndani ya misuli. Tezi nne ndogo zilizo nyuma ya thairoidi hulinda kiwango cha kalsiamu.

Misuli hutegemea maagizo haya yote. Homoni ya thairoidi ikipungua, misuli huwa mizito, hukaza na kuuma. Ikizidi, misuli huchoma akiba yake na kukonda. Kotisoli ikizidi kwa muda mrefu, mwili huvunja protini ya misuli na kuitumia kama kuni. Kalsiamu au potasiamu ikitoka kwenye kiwango chake, misuli hushindwa kujikaza na kujiachilia ipasavyo.

Misuli mikubwa iliyo karibu na kiwiliwili, yaani ya mapaja, nyonga na mabega, ndiyo huumia kwanza. Viganja na nyayo hubaki na nguvu kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kushika jembe barabara, kufunga vifungo vya shati na kuhesabu pesa sokoni, lakini akashindwa kuinuka kutoka kwenye choo cha shimo. Tena hafi ganzi, na akiguswa anahisi. Ganzi na mwasho wa nyayo kwa kawaida huelekeza kwenye mishipa ya fahamu, ambayo ni habari nyingine.

DALILI ZA KUANGALIA NYUMBANI

Dalili hizi huja polepole, kwa wiki au miezi, na hugusa pande zote mbili za mwili:

• Kushindwa kuinuka kutoka kwenye kigoda, kochi la chini au chooni bila kujisukuma kwa mikono.
• Kupanda ngazi, kilima au matatu kwa shida, huku ukilazimika kujivuta kwa mikono.
• Mikono kuchoka haraka wakati wa kusuka nywele, kuanika nguo au kupakia miwa.
• Misuli kukaza au kuuma, hasa ya mapaja na ya nyuma ya miguu, bila kazi ya kuieleza.
• Mapaja kukonda ilhali tumbo linaongezeka, au mwili wote kukonda ilhali mtu anakula vizuri.

Kuna jaribio rahisi. Mtu huketi kwenye kiti cha kawaida, hukunja mikono kifuani, kisha husimama na kuketi mara tano mfululizo. Mtu mzima asiye na ugonjwa wa magoti au mgongo akishindwa kusimama bila kutumia mikono, anafaa kwenda kupimwa. Jaribio hili halitaji jina la ugonjwa. Linaonyesha tu kwamba udhaifu upo na si uvivu.

THAIROIDI IKIPUNGUA

Mtu ambaye homoni zake za thairoidi zimepungua huhisi baridi wakati wengine wamevua sweta. Ngozi hukauka, sauti huwa nzito, choo huwa kigumu, uzito huongezeka na usingizi haumtoki. Wanawake wengi huona hedhi ikizidi. Misuli huuma na kukaza, na mwendo huwa wa polepole. Kwa kuwa dalili hizi huja moja moja, wengi hutibiwa kila dalili peke yake: dawa ya mgongo leo, ya kukosa choo kesho, na ya damu kupungua baadaye.

Hali hii huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Chanzo kimoja ni kinga ya mwili kushambulia tezi yake yenyewe. Kingine ni upasuaji au matibabu ya awali ya tezi: mtu aliyewahi kutolewa uvimbe wa shingo anafaa kufuatiliwa kwa miaka mingi, hata kama kovu lilipona zamani.

Kuna jambo jingine ambalo wanaotumia dawa za kupunguza mafuta kwenye damu wanapaswa kulijua. Dawa hizo, zinazoitwa statini, zinaweza kuumiza misuli, na hatari huongezeka mtu akiwa na upungufu wa thairoidi ambao haujatibiwa. Anayeanza kuumwa na misuli baada ya kuanza dawa hizo amweleze daktari, na asiziache kimyakimya.

THAIROIDI IKIZIDI

Hapa mambo hugeuka. Moyo hupiga mbio hata mtu akiwa ameketi, mikono hutetemeka, jasho humtoka, hukonda ilhali anakula sana, na hukosa usingizi. Wengine macho hutokeza. Mapaja huisha nguvu, na mgonjwa anaweza kudhaniwa ana virusi vya Ukimwi, kifua kikuu au kisukari. Vipimo vya magonjwa hayo vikitoka bila tatizo na kukonda kukaendelea, ni vyema kuuliza kuhusu thairoidi.

Mara chache, mgonjwa wa aina hii huamka asubuhi akakuta miguu haiinuki kabisa, hasa baada ya kula wanga mwingi usiku au baada ya kazi nzito. Kinachotokea ni kwamba potasiamu imeshuka ghafla kwenye damu. Hiyo ni dharura, kwa sababu potasiamu ikishuka sana, moyo nao unaweza kukosa mpigo wake.

CHUMVI NA ROVU

Thairoidi hutengeneza homoni zake kwa madini ya ayodini. Katika nchi za milima, mvua huosha ayodini kutoka kwenye udongo, na chakula kinachokuzwa hapo huwa nayo kidogo. Ndiyo sababu uvimbe wa shingo, yaani rovu au goita, umejulikana tangu zamani katika nyanda za juu za Kenya. Tangu mwaka 1978 sheria ya Kenya imetaka chumvi ya mezani iongezwe ayodini, na hatua hiyo imewakinga watu wengi.

Kinga hiyo inategemea jikoni. Chumvi ya pakiti ihifadhiwe kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na moshi, unyevu na jua, na itiwe kwenye mboga karibu na kuiva. Munyu wa jivu unaochujwa kutoka kwa maganda ya maharagwe, ambao wengi Bungoma huutumia kulainisha mrenda na kunde, hauwezi kuchukua nafasi ya chumvi yenye ayodini. Anayeupenda autumie kwa ladha, lakini chumvi ya pakiti isikosekane nyumbani. Wakati huohuo, kuongeza chumvi kupita kiasi hakutibu rovu, na hupandisha shinikizo la damu. Aliye tayari na uvimbe wa shingo apimwe kwanza.

Sukuma wiki na kabichi hazina lawama hapa. Kwa mtu anayepata ayodini ya kutosha na anayezila zikiwa zimepikwa, hakuna sababu ya kuziogopa.

DAWA ZA DUKANI ZINAZOKULA MISULI

Chanzo ambacho mwananchi anaweza kukizuia mwenyewe ni matumizi mabaya ya steroidi. Hizi ni dawa zinazofanana na kotisoli ya mwili. Zilizo maarufu ni prednisoloni na deksamethasoni, na majina yake kwenye pakiti huanza kwa herufi “Pred” na “Dexa”. Kwa mgonjwa wa pumu, wa baadhi ya magonjwa ya figo au wa viungo, dawa hizi zikitolewa na daktari kwa kipimo huokoa maisha. Tatizo huanza zinaponunuliwa bila cheti ili kutuliza maumivu ya mgongo na magoti, kuongeza hamu ya kula au kunenepesha mwili.

Mwanzoni zinaonekana kama muujiza. Maumivu huisha na mtu hurudi shambani. Anaporudia mwezi wa pili na wa tatu, uso huvimba na kuwa mviringo, tumbo huongezeka, na mapaja na mikono hukonda. Ngozi huwa nyembamba na hupata michubuko kwa urahisi, sukari na shinikizo la damu hupanda, na mifupa hudhoofika. Mapaja yakikosa nguvu, yeye hufikiri ugonjwa wa zamani umezidi na huongeza vidonge. Hapo ndipo dawa inapogeuka kuwa ugonjwa.

Steroidi huweza pia kufichwa ndani ya unga au maji yanayouzwa kama dawa ya miti shamba ya viungo, pumu au nguvu. Dalili ya kutilia shaka ni dawa “ya asili” inayoondoa kila maumivu kwa siku moja, kisha maumivu yanarudi kwa kishindo inapoisha. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi nazo zina steroidi kali inayopenya hadi kwenye damu zikipakwa mwili mzima kwa miezi mingi. Wanaotumia dawa za ARV wawe waangalifu zaidi: baadhi ya dawa hizo huzuia ini kuvunja steroidi, hivyo hata kiasi kidogo, ikiwemo kile cha kuvuta kwa pumu, kinaweza kurundikana mwilini. Kila mhudumu aelezwe dawa zote ambazo mgonjwa anatumia.

Onyo kubwa ni hili: aliyetumia steroidi kwa wiki kadhaa asiziache ghafla. Mwili unapopewa kotisoli kutoka nje, tezi za adrenali hulala. Dawa ikikatwa kwa siku moja, mtu huweza kutapika, kuishiwa nguvu, kushukwa na sukari na shinikizo la damu, na hata kufa. Anatakiwa kwenda hospitalini akiwa na pakiti au chupa yenyewe, na daktari atampunguzia kidogo kidogo mpaka tezi ziamke. Hakuna haja ya kuona haya. Mhudumu anahitaji kujua kilichotumika, kwa kiasi gani na kwa muda gani.

VYANZO VINGINE

Kotisoli nayo inaweza kupungua. Kifua kikuu ni moja ya magonjwa yanayoharibu tezi za adrenali. Mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu, ambaye sasa anachoka kupita kiasi, anakonda, anatamani chumvi, anaona kizunguzungu akisimama na ngozi yake inazidi kuwa nyeusi kwenye ufizi, makovu na mikunjo ya viganja, aeleze historia hiyo yote kliniki.

Vitamini D, ambayo mwilini hufanya kazi kama homoni, ikipungua huleta udhaifu wa mapaja na maumivu ya mifupa. Jua la kwetu hutosha wengi, lakini watoto wachanga wanaofungiwa ndani, wazee wasiotoka na wanaofunika mwili wote wanaweza kukosa. Mtoto anayechelewa kutembea au ambaye miguu yake inapinda matege apelekwe kliniki ya watoto.

Kisukari kisichodhibitiwa nacho hukondesha misuli. Wakati mwingine humletea mtu mzima maumivu makali ya paja moja, kisha paja hilo hukonda. Kupima sukari kusikose katika uchunguzi wowote wa udhaifu.

VIPIMO NA MAHALI PA KUANZIA

Safari huanza kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au kwa mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea kijiji. Hapo mgonjwa hupimwa shinikizo la damu, uzito, sukari na damu, na kuulizwa dawa anazotumia. Vipimo vya homoni havifanyiki katika kila kituo. Mgonjwa huandikiwa barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa, kama hospitali za rufaa za kaunti zilizoko Kitale na Bungoma. Anayehitaji daktari bingwa wa homoni anaweza kuelekezwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret.

Kipimo muhimu cha thairoidi huitwa TSH. Hii ni homoni ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ambayo ni kama nyapara wa thairoidi. Kibarua akizembea, nyapara hupaza sauti: thairoidi ikipungua, TSH hupanda. Kibarua akifanya kazi kupita kiasi, nyapara hunyamaza: thairoidi ikizidi, TSH hushuka. Kwa hiyo TSH ya juu si ishara kwamba thairoidi ni nyingi, kosa ambalo wengi hufanya wanaposoma majibu yao wenyewe. Daktari anaweza pia kupima potasiamu, kalsiamu, utendaji wa figo, na CK, kimeng'enya kinachovuja misuli inapoumia.

Ili kupunguza gharama, familia zinahimizwa kujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Usajili hufanywa kwa simu kupitia *147# au kwa msaada wa mhudumu wa afya ya jamii. Kabla ya kusafiri, mgonjwa aulize kituoni ni vipimo gani vinavyolipiwa na vinafanyika wapi.

MATIBABU NA SUBIRA

Thairoidi iliyopungua hutibiwa kwa kidonge cha levothairoksini, mara nyingi kwa maisha yote. Humezwa kwa maji asubuhi kabla ya kula, angalau nusu saa kabla ya chai, kwa sababu maziwa na chakula hupunguza dawa inayoingia mwilini. Vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu, ambavyo wajawazito wengi hupewa, vitenganishwe nacho kwa saa nne. TSH hupimwa tena baada ya wiki sita hadi nane. Mwanamke anayetumia dawa hii akipata ujauzito asiiache. Aende kliniki mapema, kwani huenda akahitaji kuongezewa.

Thairoidi iliyozidi hutibiwa kwa dawa kama kabimazoli, na wakati mwingine kwa upasuaji au madini ya ayodini yenye mnururisho. Anayetumia kabimazoli akipata homa au koo kuuma, arudi hospitalini siku hiyo hiyo apimwe damu, kwa sababu mara chache dawa hiyo hushusha chembe nyeupe zinazopigana na maambukizi.

Homoni kwenye damu hurekebika kabla ya misuli kupona. Nguvu huchukua wiki nyingi au miezi kurudi, na wengi huacha dawa katika kipindi hiki wakidhani haifanyi kazi. Kinachosaidia ni kutembea kila siku, kusimama na kuketi kwenye kiti mara chache asubuhi na jioni, na kula maharagwe, ndengu, mayai, omena au maziwa ili misuli ipate protini. Kazi nzito irudiwe hatua kwa hatua: debe kabla ya gunia.

USINGOJE KESHO

Mgonjwa apelekwe hospitalini mara moja iwapo:

• Udhaifu umeingia ghafla, hasa upande mmoja wa mwili, au mdomo umepinda. Hicho huenda ni kiharusi.
• Miguu yote imekosa nguvu pamoja na ganzi, au mtu hawezi kuzuia mkojo au choo.
• Anapumua au kumeza kwa shida.
• Mkojo umekuwa na rangi ya chai nzito huku misuli ikiuma sana.
• Anatapika, amezimia au amechanganyikiwa baada ya kuacha steroidi.
• Mtoto amelegea mkono au mguu ghafla. Hili huripotiwa pia kwa ajili ya uchunguzi wa polio.

Udhaifu unaokuja polepole hauna kelele, na kwa sababu hiyo familia nyingi huuzoea. Anayemwona mzazi, mke au jirani akishika ukuta ili ainuke, au akiomba msaada kwa mzigo aliouweza mwaka jana, amsindikize kliniki pamoja na mfuko wa dawa zote anazotumia. Mfuko huo mara nyingi humwonyesha daktari mahali pa kuanzia.